Kisu cha Babu na Chuma cha Leo

Nyumbani kwetu kuna ubishi mmoja usiokwisha. Kila tunapochinja kuku, mjomba hutoa kisu kilichotoka Bukoba kwa babu mzaa mama, hupapasa makali yake kwa kidole gumba, halafu husema: "Chuma cha siku hizi bati tu, bwana. Chuma kilikuwa cha zamani." Nami, kwa kuwa nimesomasoma kidogo, humjibu kwamba chuma ni chuma. Tumebishana miaka nenda miaka rudi, mpaka siku moja nikakifunga kile kisu kwenye gazeti nikakipeleka Gerezani, kwa mzee mmoja mhunzi.

Mzee yule hakusema kitu kwanza. Alichukua tupa akaipitisha kwenye makali. Ikateleza kama juu ya kioo. Akang'oa mpini, akaipitisha tena kwenye mkia wa kisu. Safari hii ikauma. Pale kwenye mkia palikuwa na nusu ya tundu la mviringo. Mzee akacheka.

"Mjukuu wangu, hii springi ya lori. Hapa ndipo ilipopita bolti ya katikati. Babu yako alipata mhunzi mzuri, basi."

Kumbe! Chuma cha zamani tulichokuwa tukikiabudu kilikuwa kimekuja kwa meli, kikabeba mizigo, kikavunjika barabarani, ndipo kikawa kisu. Nusu ya ubishi ikaishia pale. Nusu ya pili ndiyo iliyonishikisha kalamu: kama kisu cha babu ni springi, visu vya babu yake babu vilikuwa vya chuma gani?

Kabla ya kujibu, tuelewane kidogo. Siri ya kisu ni kaboni, yaani ile ile iliyomo kwenye mkaa. Chuma chenye kaboni kidogo mno ni laini, hujikunja na hakishiki makali. Kikizidi asilimia 2 huwa kigumu lakini ukikiangusha kinavunjika. Katikati hapo ndipo ilipo pua, chuma cha visu. Springi ya lori huwa na kaboni kiasi cha asilimia 0.6, ndiyo maana wahunzi wanaipenda. Nondo ya kujengea ina ndogo zaidi. Ukiitia motoni na majini utakavyo, haiwi kisu cha maana.

Sasa twende Buhaya. Mwaka 1976, wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walijenga tena tanuru mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery. Kazi hiyo ilikuwa imekufa kwa miongo kadhaa, tangu majembe na vyuma vya viwanda vya Ulaya vilipojaa sokoni na kuwa rahisi. Wazee wakafinyanga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakajaza shimo lake kwa matete yaliyochomwa, wakapanga mirija ya udongo iliyoingia mpaka ndani, wakavukuta. Kilichotoka kilipimwa, na ndani yake mlikuwa na pua.

Mwaka 1978 Schmidt na Avery waliandika hayo katika jarida la Science. Walisema pia kwamba mabaki ya matanuru ya namna hiyo kandokando ya Ziwa Victoria yana umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Walidai kwamba hewa ilipata joto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye mkaa, na kwamba moto ulizidi nyuzi 1,800. Wapo wataalamu waliobisha juu ya hesabu hiyo ya joto, na wana haki ya kubisha. Lakini waliokuwa wakifundisha kwamba Mwafrika alingoja kuletewa pua, hao wamekwisha kujibiwa.

Huku pwani nako habari za chuma ni za siku nyingi. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa wanachimba na kuuza chuma.

Je, mjomba kashinda? Ngoja kwanza. Tanuru la zamani halikutoa chuma cha sare. Lilitoa bonge: upande huu laini, upande ule mgumu, katikati takataka za mawe na mkaa. Ufipa waliyeyusha kwenye malungu, matanuru marefu kiasi cha mita 3, kisha wakakirudisha kile chuma kwenye tanuru dogo, kintengwe, kukisafisha. Yaani wenyewe walijua kwamba kilichotoka mara ya kwanza hakijawa tayari. Mhunzi alipasua, akachagua, akakunja, akagonga. Bahati ikiwa mbaya, kisu kilipinda.

Na vile vilivyopinda viko wapi? Havipo! Chuma kilikuwa ghali. Kisu kibovu kilirudi motoni kikawa kitu kingine. Vilivyobaki kwa wajukuu ni vile vizuri, nasi tunadhani vyote vilikuwa hivyo. Ni kama wazee wanaotuambia nyimbo zote za enzi zao zilikuwa tamu. Zile mbaya nani anazikumbuka?

Kwa upande wa pili, mjomba hulinganisha kisu kilichofuliwa kwa mkono na kisu cha bei ya chee cha dukani. Chuma kisichoshika kutu alikianzisha Harry Brearley mjini Sheffield mwaka 1913, kwa kutia kromiamu nyingi. Kinaweza kuwa kizuri sana kikiwa na kaboni ya kutosha na kikipikwa sawasawa. Kile cha bei ya chee mara nyingi hakina kaboni hiyo, kinang'aa tu.

Nilimwuliza yule mzee siri yake. Akaweka kipande cha springi motoni mpaka kikawa chekundu, akakitumbukiza kwenye oili, halafu akakipasha tena polepole huku akikikodolea macho. Rangi ikaja njano ya majani makavu. "Hapo," akasema, akakitoa. Ingefika buluu, makali yangelegea.

Basi hii ndiyo hukumu yangu, na mjomba akipenda akate rufaa. Springi ya leo ina usawa ambao bonge la tanuru halikuwa nao. Kilichopungua ni kitu kingine. Babu zetu walijua kuitoa pua kwenye mchanga na mkaa. Yule mzee anajua kuitambua kwenye lundo la chuma chakavu. Mimi na wewe tunajua kuinunua. Kila kizazi kimeshuka ngazi moja, huku chuma chenyewe kikipanda.

Nilipoondoka nilimwuliza mzee ana mwanafunzi gani. Akanyoosha kidole kwenye kigoda kitupu kando ya mivukuto. Kisu nimekirudisha nyumbani, na mpini mpya. Mjomba bado hajui habari ya springi, atasoma hapa.