Treni ya Kwenda Kwao

Kamina, katika Katanga ya Kongo, haina mgodi wa shaba. Ina reli, na reli ndiyo iliyoufanya mji. Mwaka 1928 njia ya kampuni ya BCK ilikamilika kutoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, hadi Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo; mwaka 1956 likaongezwa tawi la Kabalo, linaloungana na njia ya Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Tangu 1928 mtu wa Kasai, eneo jirani, anayekwenda kutafuta kazi migodini anapita Kamina. Akifukuzwa huko, anapita Kamina tena.

Kaa pale stesheni asubuhi, kando ya mama anayeuza chai na maandazi, usikilize salamu. Anayeshuka na mzigo kichwani anasema "Moyo." Kwa Mswahili wa pwani hilo ni jina la kiungo cha mwili, kwake ni kumtakia mwenzake uhai. Mzee wa pembeni akiitikia "Eyo vidye", umekwisha kujua: huyu ni Mluba wa Katanga, yule ni Mluba wa Kasai. Lugha zao, Kiluba na Kitshiluba, ni ndugu. Wanaelewana nusu kwa nusu, na wakifika kwenye bei wote wawili wanaingia kwenye Kiswahili cha migodini, kile kinachosema "batoto" na "kwabo". Neno hilo la mwisho ndilo lenye kisa.

"Baende kwabo." Waende kwao. Lakini kwao ni wapi? Wazee wa Kasai husimulia kwamba mababu zao walitoka Nsanga-Lubangu, yaani upande huu huu wa Katanga. Na Waluba wa huku, wakisimulia asili ya ufalme wao, humtaja Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, mgeni mwenye adabu zisizojulikana, aliyemzaa Kalala Ilunga. Mtoto huyo wa mgeni ndiye aliyemshinda mjomba wake Nkongolo, mtawala katili, akaweka utawala ambao watu wanajivunia mpaka leo. Sijui masimulizi mengine yanayomkweza mgeni kiasi hicho. Ajabu ni kwamba yanasimuliwa katika nchi ambayo karne iliyopita imefukuza wageni mara kwa mara.

Aliyewaita wageni ni kazi. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, iliundwa mwaka 1906, Elisabethville ikaanzishwa 1910, na mikono haikutosha. Mwanzoni wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya sasa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili mtindo: badala ya kumchukua mtu miezi sita na kumrudisha, ikamleta na mkewe, ikampa nyumba kambini, ikawapeleka wanawe shule ya mapadre. Watu waliletwa kutoka Lomami, Ruanda-Urundi na hasa Kasai, ambako wamisionari wa Scheut walikuwa wamefungua shule tangu 1891. Ndiyo maana Mkasai ambaye wengi walimfahamu alikuwa karani, fundi wa treni, mwalimu, mtu wa kalamu. Mchimbaji wa Kiluba kutoka Bukama alimwona mgeni amekaa kwenye kiti, yeye ameshika sururu. Kinyongo hicho hakikuzaliwa na ukabila wa kale. Kilizaliwa na orodha ya mishahara.

Kisha ikaja kura. Katika uchaguzi wa manispaa wa Desemba 1957, nafasi nyingi za juu katika mitaa ya Waafrika ya Elisabethville zilichukuliwa na watu wasiotoka Katanga. Mwaka uliofuata kikaundwa Conakat, chama cha waliojiita Wakatanga halisi, kikawa chini ya Moïse Tshombe. Waluba wa kaskazini mwa Katanga walikuwamo mwanzoni, halafu wakatoka na Balubakat yao chini ya Jason Sendwe, mzaliwa wa upande wa Kabongo. Tshombe alipotangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, mwenyeji wa Kamina akajikuta amekuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe. Vijana wa Balubakat walioitwa "Jeunesse" wakang'oa reli, wakavunja madaraja, wakaua na kuuawa. Wanajeshi wa Tshombe wakachoma vijiji. Kule Elisabethville, mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Waluba, wa Kasai na wa Katanga kwa pamoja, walikimbilia kambi moja ya matope chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Waliowafukuza hawakuuliza kama mtu anasema "moyo" au "eyo vidye". Walioko nje waliwaona wote ni wamoja.

Umoja huo haukudumu. Chini ya Rais Mobutu mkoa uliitwa Shaba, Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ililipa, na watu wakaoana. Tusitie chumvi, lakini watoto waliozaliwa Likasi na Kolwezi walikua bila kuijua Kasai ila kwa jina la babu. Shaba ilipoanguka, kila kitu kikaanguka nayo. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1993 zilitoka chini ya tani 50,000.

Siasa ikaja kukalia pengo hilo. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana wa Shaba alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Wakasai waliitwa "bilulu", wadudu. Vijana wa JUFERI, tawi la UFERI, chama cha Nguz na Kyungu, wakapita nyumba kwa nyumba, Likasi kwanza, Kolwezi mwaka uliofuata. Na Kyungu mwenyewe alikuwa Mluba wa Katanga, mtu wa jamii ile ile iliyojazana kambini mwaka 1961. Hapo ndipo mimi hukwama kila ninapousoma mkasa huu. Aliyewahi kufukuzwa hakujifunza kutofukuza. Alijifunza namna ya kufanya.

Mamia ya maelfu walihamishwa. Wengi walikaa stesheni miezi mizima wakisubiri mabehewa, wakiuza mlango, kitanda, cherehani, chochote cha kununulia unga. Watoto walikufa kwa surua na kuhara. Treni zilipopatikana zilipanda kuelekea Mwene-Ditu, upande wa Kasai, kupitia Kamina, zimebeba watu juu ya paa na katikati ya mabehewa ya mizigo. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga huko "kwao."

Mwaka ule ule, Septemba 1992, Ubelgiji, mkoloni wa zamani wa Kongo, ilifunga mgodi wa Zolder, wa mwisho wa makaa ya mawe nchini humo. Taifa lililowapeleka Wakasai Katanga lilikuwa limefanya hivyo hivyo nyumbani: mwaka 1946 liliafikiana na Italia kuletewa wachimbaji, mwaka 1964 likaafikiana na Moroko na Uturuki. Ajali ya mgodi wa Marcinelle ya tarehe 8 Agosti 1956 iliua watu 262, na 136 kati yao ni Waitalia. Migodi ilipokwisha, watu walibaki na wajukuu wao. Mei 1991 vijana wenye asili ya Moroko walipambana na polisi katika mtaa wa Forest mjini Brussels. Novemba mwaka huo chama cha Vlaams Blok, kilichotaka wahamiaji warudishwe makwao, kilipata kura nyingi kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Tofauti na Likasi ni kubwa, na inatokana na dola, si na hulka ya watu: Mbelgiji mwenye hasira alikuwa na sanduku la kura, na mjukuu wa mchimbaji alikuwa na sheria za uraia zilizokuwa zikilegezwa miaka hiyo hiyo. Likasi hapakuwa na mshahara wala hakimu, na gavana mwenyewe ndiye aliyepiga ngoma.

Ukiifuata historia hii utaona kwamba mikono inayotumwa kufukuza ni ya vijana siku zote, na wao ndio wanaotupwa baada ya kazi. Jeunesse walisahauliwa. Makadogo, askari watoto, waliandamana na Laurent-Désiré Kabila alipompindua Mobutu mwaka 1997 wakiwa na bunduki ndefu kuliko miguu yao. Wakafuata wanamgambo wa Mayi-Mayi wa Malemba-Nkulu na Mitwaba, waliopewa silaha wapigane na Rwanda kisha wakawa janga kwa vijiji vilivyowazaa. Vita vilipopoa, kambi kubwa ya kijeshi ya Kamina, iliyojengwa na Wabelgiji, ikawa moja ya vituo vya "brassage": kuwachanganya wapiganaji wa makundi yote kuwa jeshi moja. Waliotaka kurudi uraiani walipewa fedha kidogo na karatasi. Ardhi, mke na jina jema kila mmoja alijitafutia mwenyewe.

Sasa jukumu jingine limeangukia mkoa huu, unaoitwa leo Haut-Lomami. Kaskazini-magharibi mwa Kamina, Kaniama-Kasese, Service National, idara ya serikali, inafundisha kilimo na ufundi. Tangu 2020 imekuwa ikipokea "Kuluna", vijana wa magenge ya mapanga wa Kinshasa. Hukusanywa mitaani, hupakiwa kwenye ndege hadi kambi ya Kamina, kisha lori. Watetezi wa haki walihoji: wengine hawakuwahi kusomewa shitaka. Serikali hujibu kwa picha za mashamba ya mahindi na madawati ya shule. Mimi nakiri mahindi yale ni mazuri, na kijana aliyejifunza useremala ana kitu mkononi. Lakini sijaona jibu la swali dogo: akirudi Kinshasa, nani atampangisha chumba?

Haut-Lomami yenyewe ilizaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa katika mikoa minne na Kamina kufanywa makao makuu yake. Mipaka mipya ilileta wenyeji wapya na wageni wapya. Novemba 2023, wiki chache kabla ya uchaguzi, Malemba-Nkulu ililipuka: baada ya kifo cha dereva wa pikipiki, Wakasai waliwindwa na kuuawa hadharani, na video zikazunguka kwenye simu nchi nzima.

Treni bado zinapita. Zinashusha vijana wa Kasai wenye begi moja la mgongoni, wanaokwenda Kolwezi ambako kobalti imerudisha kazi, na walinzi wa getini huwatazama wakihesabu. Mama wa chai hahesabu. Anauliza kwa Kiswahili, "Sukari mingapi?" Kijana anasahau, anajibu kwa Kitshiluba, halafu anashtuka na kutazama nyuma kuona nani amesikia.