TAPETI KAVA INAVUJA? FUNGUA NA UZIBE MWENYEWE

Leo tuache siasa kidogo tuingie kwenye boneti. Mada hii inawahusu zaidi vijana wa Sapiwi, Bariadi na vijiji vya jirani ambao Probox au IST ya nyumbani ndiyo inayoleta unga, na sasa imeanza kutema oili upande wa juu wa injini.

Tapeti kava ni ule mfuniko wa juu kabisa wa injini, unaofunika kamshafti. Kati yake na silinda hedi kuna gasketi ya mpira. Joto la miaka mingi huukausha mpira huo, unakuwa mgumu kama plastiki, na oili inapata njia. Dalili zake: vumbi linaganda na oili pembeni mwa kava, harufu ya oili inayoungua ukisimama, oili inapungua kila wiki, au gari linamisi kwa sababu oili imejaa kwenye mashimo ya plagi. Usipuuze. Oili ikidondokea ekzosti ya moto inatoa moshi, na inaweza hata kuwaka. Ikiisha kwenye injini bila wewe kujua, injini inanoki.

Sasa kuna tabia moja ya vijiweni: kava inafunguliwa, gasketi kuukuu inarudishwa palepale, halafu inamwagwa silikoni nzima nzima kuzunguka kava. Kwa nje inaonekana safi kabisa. Tatizo liko ndani... Silikoni iliyozidi huminywa kuelekea ndani, inabanduka vipande vipande, inashuka hadi kwenye sampu na kuziba chujio ambalo pampu inavutia oili. Umetibu mvujo mdogo, umeua injini nzima! Kinachozuia oili ni gasketi mpya, sehemu safi na boliti zilizokazwa sawasawa. Silikoni ni msaidizi tu.

Andaa hivi

Gasketi mpya ya injini yako (Probox na IST nyingi za kuanzia 2002 zina 1NZ-FE ya cc 1,500 au 2NZ-FE ya cc 1,300, hakikisha kabla ya kulipa), soketi namba 10 na racheti, koleo, silikoni ya injini inayohimili oili na joto, dawa ya kusafishia breki na vitambaa safi visivyoacha nyuzi. Kama Bariadi mjini hukupata gasketi yenyewe, agiza Mwanza. Usikubali "inafanana fanana".

Kazi yenyewe

1. Fanya asubuhi injini ikiwa imepoa na upepo haujaanza. Vumbi letu la kiangazi mnalijua, na hapa unafungua tumbo la injini. Toa waya hasi wa betri.

2. Kabla ya kufungua chochote, futa uchafu wote juu ya kava. Mchanga ulioko nje usipate nafasi ya kuingia ndani.

3. Toa kifuniko cha plastiki, chomoa soketi za koili, kisha toa koili na uziweke kwa mpangilio wake. Plagi ziache mahali pake, zinaziba silinda. Kama mashimo yake yana oili, ifyonze kwa kitambaa. Ukifungua plagi kabla, oili yote itamwagikia ndani ya silinda.

4. Chomoa mipira ya hewa inayoingia kwenye kava. Legeza boliti za kava kidogo kidogo kwa zamu, ukianzia pembeni kwenda katikati. Kava ikigoma, igonge taratibu kwa mpini wa mbao. Usichokonoe na bisibisi, aluminiamu inachubuka na hapo mvujo hauishi tena.

5. Ziba kwa kitambaa uwazi wa upande wa cheni ya taimingi. Boliti ikitumbukia humo, kazi ya asubuhi inageuka ya wiki. Hesabu vitambaa ulivyoweka na ulivyotoa.

6. Bandua silikoni ya zamani kwa kadi ya plastiki, usitumie msasa. Futa kwa dawa ya breki hadi pawe pakavu. Penye utelezi wa oili silikoni haishiki.

7. Weka gasketi mpya kwenye mfereji wake. Kama pete za mashimo ya plagi zinatoka, badilisha nazo. Silikoni paka kidogo tu, pale mahali pawili ambapo kava ya cheni inakutana na silinda hedi. Basi! Ukishapaka, kava iwe imekaa ndani ya dakika 3.

8. Kaza kwa mkono kwanza, halafu kwa zamu kuanzia katikati kwenda nje, mizunguko miwili au mitatu. Kipimo ni kama niutoni mita 10, sawa na kilo 5 tu kwenye mpini wa sentimita 20. Ukikaza kwa hasira unaua nyuzi za boliti au unapinda kava.

9. Rudisha vyote, subiri angalau saa 2 (kulaza gari usiku ni bora zaidi), ndipo uwashe. Angalia kwa tochi, pima oili. Taa nyekundu ya oili isipozimika, zima injini papo hapo.

NB: Kagua na valvu ya PCV iliyo juu ya kava. Ichomoe, uitikise: nzima inalia kwa ndani. Ikiziba, presha inakosa pa kutokea na itaisukuma hata gasketi mpya. Wengi wanabadilisha gasketi mara tatu wakati mchawi ni valvu hii.

Na fundi akikwambia "silikoni inatosha", mwombe akufungulie sampu akuonyeshe chujio. Mwenye nyongeza au swali aweke kwenye maoni hapo chini, ataje na aina ya injini. Kazi njema!