Fanani ni Nani Wote Wanapoimba?

Tangu mwaka wa kwanza, katika semina za fasihi simulizi, tunafundishwa kwamba fasihi hiyo ina fanani na ina hadhira. Fanani anasimulia au anaimba. Hadhira inasikiliza, inaitikia, inapiga makofi. Mulokozi, katika makala yake ya "Tanzu za Fasihi Simulizi" iliyotoka katika Mulika 21 mwaka 1989, alikwenda mbali zaidi. Aliiona fasihi simulizi kuwa ni tukio, na fanani akawa jambo moja tu kati ya mambo yanayoliunda tukio hilo, pamoja na fani yenyewe, hadhira, mahali na wakati. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na sisi wanafunzi. Neno fanani tumelichukua tukaliweka katika umoja, na kila wimbo tunaoupata tunautafutia mtu mmoja wa kuubeba.

Mfano ninaotaka kuutazama hapa unatukatalia kabisa. Nao ni uimbaji wa Wagogo wa Dodoma, yaani ule wa kila siku, shambani, kisimani, kwenye pombe na msibani, ambao hauna mazoezi, hauna mwalimu, wala hakuna aliyegawiwa sauti.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wapo wanaoamini, hata miongoni mwa wasomi, kwamba Mwafrika alifundishwa na wamisionari kuimba kwa sauti zinazopishana na kupatana. Kabla ya hapo eti tulikuwa na ngoma na mayowe tu. Historia haikubali. Desemba 1497, mabaharia wa Vasco da Gama walipokuwa wametia nanga kusini kabisa mwa Afrika, mahali panapoitwa leo Mossel Bay, walikuta Wakhoikhoi wakipuliza filimbi nne au tano kwa pamoja, nyingine za sauti ya juu na nyingine za chini. Mwandishi wa safari ile aliandika kwamba filimbi zile zilipatana vizuri. Mmisionari wa kufundisha solfa alikuwa bado karne tatu nyuma. Baadaye, mwaka 1959, A. M. Jones, ambaye mwenyewe alikuwa mmisionari katika nchi inayoitwa leo Zambia, alichora ramani ya Afrika kuonyesha makabila gani yanapanga sauti zao kwa namna gani. Ramani ile ina makosa yake, na wataalamu waliofuata wameikosoa sana, lakini jambo moja iliweka wazi: majirani wawili wanaweza kupishana kabisa katika namna ya kuungana sauti. Kama mwalimu angekuwa mmoja, yaani kanisa, majirani hao wangefanana.

Sasa twende Ugogo. Gerhard Kubik ameeleza kwamba ngazi ya sauti za Wagogo imetoka ndani ya mlio wenyewe. Uzi wa zeze au wa upinde ukilia hautoi sauti moja. Umebeba ndani yake sauti nyingine nyembamba, zinazopanda juu ya ile nene kwa mpangilio usiobadilika. Wagogo wanazitumia zile za kuanzia ya nne hadi ya tisa. Mwimbaji wa pili akitaka kuungana na wa kwanza, haendi kwenye sauti ya jirani. Anairuka hiyo moja na kushika inayofuata. Kwa kuwa sauti hizo hazikupangwa kwa nafasi zilizo sawa, mwanya kati ya waimbaji mara unakuwa mpana, mara mwembamba, na ndiyo maana mtu aliyezoea kwaya za mjini akisikia anaona kama kuna kitu kimepinda. Hakuna kilichopinda.

Jambo la kushangaza ni kwamba kanuni hiyo haifundishwi kwa maneno. Mtoto anaikuta mgongoni mwa mama yake. Akifika umri wa kupura mtama anajua tayari pa kuingilia.

Likizo moja nilikuwa kwa bibi mzaa mama, upande wa Kongwa, wakati wa mavuno. Wanawake watano walikuwa wakipura mtama kwa magongo. Mmoja alianza kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea. Wa pili alimpokea kabla hajamaliza, juu yake kidogo. Gongo la tatu lilipotua sauti ya tatu ilikuwa imeshaingia, chini, bila neno lolote, mlio tu. Hapakuwa na aliyesema "haya, tuimbe". Baadaye nikamwuliza bibi wimbo ule ni wa nani na ulianzishwa na nani. Akanitazama kama nimemwuliza mtama ni wa gunia lipi. "Mjukuu wangu, si tumeimba sie tuliokuwapo?"

Jibu hilo limenisumbua kuliko nadharia nyingi nilizosoma. Maana pale fanani walikuwa watano, na hadhira, tukiniondoa mimi niliyekuwa nimekaa kivulini, haikuwapo. Aliyeanza hakuwa kiongozi. Mara ya pili alianza mwingine. Tena kuna ile sauti ya tatu isiyo na maneno. Mwanafunzi wetu akienda kukusanya nyimbo, ile ndiyo ya kwanza kuitupa. Anaandika maneno ya yule wa kwanza, anayafasiri, anatafuta takriri na tashibiha, kisha anaweka alama ya kiitikio. Zile "ee" na "oo" anaziona ni mapambo. Kumbe ndizo zinazoushikilia wimbo kama nguzo ya kati inavyoshikilia paa!

Naona ubaya huu una historia, na si yote ya kikoloni. Ni kweli kwamba wamisionari wa CMS, waliofika Mpwapwa miaka ya 1870, walikuja na nyimbo zao na ngazi zao za sauti, na kwamba kwaya ilileta kitu kipya: kila mtu na sauti yake aliyopangiwa, mwalimu mbele, mazoezi Alhamisi. Lakini tusiiseme kwaya vibaya tu. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao Tanganyika iliuchukua mwaka 1961 kuwa wimbo wa taifa, alitumia solfa hiyo hiyo, na Waafrika wakaugeuza kuwa wao kwa namna ya kuuimba. Hebu sikiliza umati wowote wetu ukiuimba bila bendi. Hakuna aliyepangiwa, na bado sauti ya pili inajitokeza mahali fulani kushoto.

Baada ya uhuru, Nyerere alipolihutubia Bunge Desemba 1962, alisikitika kwamba tulifundishwa kuzionea aibu ngoma zetu, akaunda wizara ya utamaduni na vijana. Nia ilikuwa njema, na bila nia hiyo huenda tusingekuwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa 1981. Lakini kuokoa ngoma kulimaanisha kuipandisha jukwaani, na jukwaa lina tabia yake: linataka watu waliokaa upande mmoja na watu waliosimama upande wa pili. Hukwe Zawose (1938–2003), Mgogo aliyefanya kazi Bagamoyo na kuipeleka sauti ya Ugogo duniani, alikuwa fundi wa zeze na ilimba ambaye sijui kama tutapata wa pili. Alizungukwa na ndugu zake waliokuwa wakimpokea. Hata hivyo dunia ilimjua kwa jina moja, kama tunavyomjua mwandishi wa riwaya.

Na sisi wa fasihi tulifanya nini? Hapa ndipo Mathias Mnyampala anaponivutia. Alizaliwa 1917 huko huko Ugogo. Mwaka 1954 akatoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Na kabla ya kufariki 1969 alikuwa ameshaipa nchi ngonjera, zilizotumika kueneza Azimio la Arusha la 1967 mashuleni. Mgogo huyu alishika bahari za pwani, vina na mizani, beti baada ya beti. Wapo wanaomlaumu kwa kuacha ya kwao. Mimi simlaumu, Kiswahili ndicho kilichokuwa kinajenga taifa, na ushairi wa Kiswahili ulikuwa na umbo hilo. Ninachokiona ni kwamba hata ngonjera, ambayo ni mabishano ya watu wengi, inawapanga watu kwa foleni. Huyu akimaliza, anaanza yule. Hakuna anayeruhusiwa kuzungumza wakati mwenzake anazungumza.

Kisha ukaja ule mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970. Upande mmoja ukasema shairi lisiloimbika si shairi. Upande wa pili, wa Kezilahabi na Kichomi yake ya 1974, na wa Mulokozi na Kahigi, ukasema vina si roho ya ushairi. Tumeusoma mgogoro huo mpaka tumeukariri, na bado unatuletea maswali ya mtihani. Lakini msomaji, jiulize: waliposema "kuimbika", walimfikiria nani akiimba? Mtu mmoja. Wahafidhina walimwona malenga mmoja anayeghani. Wanamapinduzi walimwona msomaji mmoja aliyekaa na kitabu. Wanawake watano na magongo yao hawakuwa upande wowote.

Hasara yake inaonekana katika kazi zetu za ukusanyaji. Mwanafunzi anafika kijijini na simu ya kurekodia, anaelekezwa kwa mzee anayezijua nyimbo, anamwomba mzee aimbe. Mzee, kwa adabu, anaimba peke yake wimbo usioimbwa na mtu peke yake. Kinachorudi chuoni ni kipande, na kipande hicho kinahifadhiwa kama ndio wimbo. Hugh Tracey alipopita Tanganyika na mitambo yake mizito mwaka 1950 aliwakuta watu wakiwa makundi, akarekodi makundi. Sisi wenye vifaa vyepesi tunarudi na mtu mmoja mmoja.

Safari ijayo ya ukusanyaji ningependa twende na vinasa sauti vitatu badala ya kimoja, kila kimoja kiwekwe karibu na mwimbaji wake, na tuandike kwa mistari mitatu sambamba: aliyeanza, aliyempokea, na yule wa chini asiye na maneno. Itakula karatasi. Wahadhiri wetu watalazimika kuamua pia maksi zitolewe vipi, maana jedwali la uchambuzi tunalojaza sasa lina nafasi moja tu ya jina la fanani.