Neno la siku la Herrnhut

Mwaka 1722 wakimbizi wa dini kutoka Moravia walianza kujenga kijiji cha Herrnhut katika shamba la bwana mmoja wa Saxony, Nikolaus von Zinzendorf. Nyumbani walikotoka imani yao ilipigwa marufuku, na ugenini hawakuwa na hakika ya kesho. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728 Zinzendorf aliwapa neno fupi la kushika siku iliyofuata. Ikawa desturi: kila asubuhi neno jipya lilipelekwa nyumba kwa nyumba, na mpelekaji alipata pia habari za wagonjwa na wenye shida. Pengine hilo la pili lilituliza mioyo kuliko neno lenyewe.

Kuanzia 1731 maneno ya mwaka mzima yalichapwa kitabuni. Neno la kila siku ni aya ya Agano la Kale, nayo huchaguliwa kwa kura, maana Wamoravian waliamini kura humwachia Mungu uamuzi. Zamani hata ndoa zilipigiwa kura. Mwaka 1736 Zinzendorf mwenyewe alifukuzwa Saxony, lakini desturi haikukatika. Wala Wamoravian hawakubaki Ulaya tu: wamisionari wao walifika Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891.