Watoto wa Kiungani, na Mafundisho ya Kuwa Watu Wamoja

Katika mwaka 1864 Askofu Tozer wa Misheni ya UMCA alifika Unguja, pamoja na Padre Edward Steere. Mwaka huo huo Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, alimpa watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio mwanzo wa shule iliyowekwa baadaye Kiungani, nje kidogo ya mji, ikaitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea. Na baada yao wakaja wengi, kila manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi baharini.

Habari hizi twazisimulia katika yubile kama habari za ukombozi, na ndivyo zilivyo. Lakini mna jambo la pili ndani yake, nalo latupasa wazazi na walimu kulitafakari: namna watu waliotengwa na uadui walivyofundishwa kukaa pamoja.

Fikirini ni watoto gani waliokutana pale. Walikuwamo Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Katika nchi za Nyasa wakuu wengine wa Kiyao walikuwa wakiteka watu na kuwauza pwani. Na Wayao nao walitekwa vitani, wakauzwa vile vile. Basi mtoto aliweza kulala karibu na mwenzake wa kabila lililochoma kijiji cha baba yake. Baadhi yao waliandika wenyewe habari za kutekwa kwao, nazo zikapigwa chapa katika kitabu kiitwacho Kiungani, alichokitoa Bwana Madan mwaka 1887.

Je, walifundishwaje? Hapakuwa na somo liitwalo uraia. Kwanza walipewa lugha. Kiswahili, ambacho Steere alikitungia vitabu, kilikuwa kigeni kwa wengi wao. Kwa hiyo hapakuwa na kabila la kujivuna kwa lugha yake, wala la kuona haya. Pili walipewa kazi ya pamoja, hata ya kupiga chapa vitabu. Na tangu mwaka 1888 gazeti la Msimulizi lilitoka Kiungani, likiwapasha watu wa vituo mbalimbali habari za wenzao. Tatu walitumwa. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa, alipelekwa Chitangali, upande wa Masasi, mwaka 1886. Akapewa ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni hiyo. Aliyeuzwa kama bidhaa alirudi bara kuwa mchungaji wa watu.

Hata hivyo, ukuta mmoja ulibaki. Shule za misheni zilivunja uadui wa makabila, lakini hazikukutanisha dini. Waislamu wengi walichelea kuwapeleka watoto wao, wasije wakabatizwa. Wala hofu hiyo haikuwa bure, kwa maana shule hizo zilijengwa ili kueneza Injili. Matokeo yake yalionekana Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961: Wakristo waliosoma sana walikuwa wengi kuliko Waislamu, na kazi kubwa za serikali ziliwaangukia wao. Taifa lililojengwa hivyo lingeweza kupasuka.

Mwalimu Nyerere, Mkristo ambaye alifundisha katika shule ya misheni ya Pugu, aliiona hatari hiyo. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizitwaa shule za misheni zilizokuwa zikipata msaada wake. Minaki, ambako chuo cha Kiungani kilikuwa kimehamia, ikawa ya serikali. Watoto wa dini zote wakaingia, na wa sekondari wakapelekwa mikoa ya mbali na kwao, wakalala bweni moja na watoto wa makabila wasiyoyajua. Wakristo wengi waliona uchungu, maana walikuwa wamechanga fedha na kubeba mawe ya kujengea. Lakini tukipima kwa haki, jambo lililoanzwa Kiungani kwa makabila lilifanywa sasa kwa dini pia.

Leo Kanisa lina shule nyingi tena, na karo zake si ndogo. Basi swali la kale limerudi mlangoni petu. Je, mtoto wa jirani yetu Mwislamu ataingia na kusoma bila kulazimishwa dini? Je, mtoto wa maskini atapata nafasi? Mwalimu aweza kuwafundisha watoto sura nzima juu ya haki za raia. Lakini wakitazama huku na huku darasani wasione ila watu wa aina moja, watajifunza zaidi kwa macho kuliko kwa masikio.

Na tusisahau kwamba watoto wale watano wa kwanza tulikabidhiwa na Sultani Mwislamu. Katika mwaka huu wa yubile, kila halmashauri ya shule na ihesabu watoto wake, ione ni nani asiyekuwamo, kisha imwendee mzazi wake nyumbani kwake.