Sindano moja, jike na dume

Kuanzia 2009, watoto wa Bagamoyo na Korogwe, Tanzania, walikuwa miongoni mwa watoto 15,459 wa nchi 7 za Afrika walioingizwa kwenye majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Kazi ya Bagamoyo iliendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Matokeo ya mwisho yalitoka 2015: malaria ilipungua.

Mwaka uliofuata, Sabra Klein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake waliwatenganisha wasichana na wavulana katika hesabu za vifo. Wasichana waliochanjwa RTS,S walikuwa wamefariki karibu mara mbili ya wale waliopewa chanjo nyingine. Kwa wavulana hali hiyo haikuonekana. Shirika la Afya Duniani lilisema huenda ni bahati nasibu tu. Huenda kweli. Lakini shirika hilohilo lilishawahi kuiondoa chanjo ya surua ya dozi kubwa, 1992, baada ya wasichana waliochanjwa kufa zaidi Guinea-Bissau, Senegal na Haiti.

Juu ya jike na dume kuipokea sindano ileile kwa namna tofauti, panya walikuwa na la kusema. Ukimchoma panya sumu itokanayo na ganda la bakteria, kinga huupasha ubongo habari, ubongo huziamuru tezi za adrenali zilizo juu ya figo, nazo humwaga kotikosteroni, homoni ya msongo inayoituliza kinga isije ikaunguza mwili wenyewe. Kwa kawaida jike humwaga nyingi kuliko dume. Dume akihasiwa, homoni hiyo hupanda, kwa kuwa testosteroni ndiyo iliyokuwa ikiizuia.

Kichekesho ni kwamba elimu hii ya msongo ilianzia kwenye utafutaji wa homoni ya kike. Mwanasayansi Hans Selye, huko Montreal, aliwachoma panya dondoo la ovari. Adrenali zikavimba, tezi ya thaimasi ikasinyaa. Akajaribu na formalini, yakawa yaleyale. Akaandika makala juu ya msongo 1936, homoni ya kike ikasahauliwa. Baada ya hapo maabara nyingi zilipenda madume, eti majike husumbua kwa mzunguko wao wa siku 4 au 5. Uchambuzi wa 2011 ulikuta kwamba katika utafiti wa mfumo wa fahamu, kwa kila kazi 1 ya majike watupu zilikuwapo zaidi ya 5 za madume watupu. Marekani ilianza kuwabana watafiti wake juu ya hilo 2016 tu.

Panya aliyekomaa si mtoto wa kliniki ya Mbagala, ambaye hajabalehe. Huwezi kumhamishia matokeo yale kama yalivyo. Swali la tofauti ya jike na dume, hata hivyo, lilistahili kuulizwa mapema. RTS,S ilipopelekwa Ghana, Malawi na Kenya 2019, vifo vya wasichana na wavulana vilifuatiliwa kila jinsia peke yake kwa makusudi. Ile tofauti ya majaribio haikujirudia, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa jinsia zote mbili.