Ukuhani Kandokando ya Ziwa: Kutoka Damu hadi Wito

Katika Israeli ya kale, kazi ya madhabahu ilikuwa ya kuzaliwa nayo. Nchi ya Kanaani ilipogawanywa, kabila la Lawi halikupewa eneo lake. Lilipewa miji 48 iliyotawanyika kati ya makabila mengine, likaishi kwa zaka. Ndani ya kabila hilo, wana wa Haruni pekee walitoa sadaka, na Walawi wengine wakabeba vyombo, wakalinda malango, wakaimba. Mfalme Yosia alipoikusanya ibada yote Yerusalemu, mnamo mwaka 622 kabla ya Kristo, makuhani wa vijijini walipoteza madhabahu zao. Katika orodha ya waliorudi kutoka Babeli, kitabu cha Ezra kinahesabu makuhani zaidi ya 4,000, lakini Walawi 74 tu. Mwaka 70 baada ya Kristo Warumi walilibomoa hekalu, na sadaka zikakoma.

Nimeanza mbali kwa makusudi. Nani ana haki ya kusimama kati ya watu na Mungu, na haki hiyo anaipata wapi? Swali hilo liliulizwa pia kusini mwa Ziwa Viktoria, na jibu lake limebadilika zama kwa zama.

Usukuma wa watemi ulijibu kwa damu, ila damu ya upande wa mama. Wazee wa ikulu, banang'oma, walimchagua mtemi mpya miongoni mwa wana wa dada za watemi. Utawala na ibada vilikaa kwa mtu mmoja. Kabla ya kupanda, watu walipokea kwake mbegu zilizotiwa dawa, wakazichanganya na zao. Mvua ikichelewa, walimwendea yeye. Ukame ukizidi, aliweza kuondolewa kitini.

Ng'ambo ya maji, Ukerewe, ukoo wa Wasilanga uliotoka Ihangiro huko Buhaya ulibeba mzigo huohuo. Mtawala wao Lukonge, aliyetawala katika theluthi ya mwisho ya karne ya 19, alisifika kwa kuleta mvua. Ni katika zama zake Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walipofika Kageyi, kusini mwa ziwa, mwishoni mwa 1878, wakielekea Buganda. Mwaka 1883 wakafungua misheni Bukumbi, si mbali na Mwanza ya leo. Mwaka 1895 Wajerumani walimwondoa Lukonge madarakani, na misheni ya Kagunguli ikaota mizizi kisiwani.

Askofu Jean-Joseph Hirth alishikilia kwamba wana wa nchi hii wanaweza kuwa mapadri, na mwaka 1904 seminari ya Rubya ikafunguliwa Buhaya. Kilikuwa kisomo kirefu: Kilatini kwa miaka, kisha falsafa, kisha teolojia, na wengi waliishia njiani. Tarehe 15 Agosti 1917, mwaka mmoja baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kuwaondoa Wajerumani ziwani, Askofu Joseph Sweens aliwapadirisha wanne: Celestine Kipanda na Angelo Mwirabure wa Ukerewe, Oscar Kyakaraba na Willibald Mupapi wa Buhaya. Ndio mapadri wa kwanza Waafrika katika Tanganyika.

Hapa ndipo mageuzi yalipokuwa makubwa kuliko yote. Mlawi alimrithisha mwanawe kazi. Mtemi alirithiwa ndani ya ukoo. Padri hana mrithi wa damu, na hilo lilitakiwa katika jamii iliyoona kukosa mtoto kuwa msiba. Aniceti Kitereza, mjukuu wa Machunda, mtawala wa Ukerewe, alisoma Rubya asifikie upadri, akarudi Ukerewe akaoa. Mwaka 1945 alimaliza kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, habari za ndoa inayotikiswa na utasa. Anayeisoma ataelewa wazazi wa wale wanne waliombwa kutoa nini.

Walitoa, na njia ikafunguka. Laurean Rugambwa wa Buhaya, aliyepadirishwa mwaka 1943, alifanywa kardinali mwaka 1960, wa kwanza Mwafrika katika zama hizi. Miaka mitatu baadaye serikali ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya watemi.

Hata hivyo ibada ya kale haikufa yote. Katika kanisa la Bujora, Kisesa, lililojengwa kwa juhudi za Padri David Clement, alama za ikulu ya mtemi zimewekwa altareni. Kila Juni, katika sherehe ya Bulabo iliyofungamana na sikukuu ya Ekaristi, wacheza ngoma wa vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kama walivyoshindana wafuasi wa waganga wawili, Ngika na Gumha, katika karne ya 19. Kwa maoni yangu, historia ya upadri wetu inayoanzia kwenye mtumbwi wa mmisionari imekatwa kichwa.

Koo za banang'oma bado zipo, lakini wazee wanaojua mbegu zilivyogawiwa wanapungua mwaka hadi mwaka. Wewe mwanafunzi wa historia uliye Mwanza, waendee hao kwanza. Vitabu vya misheni vitakungoja.